Mzee Aliyekataa Kufa Kitabuni

Dada Skola alinipigia simu Jumapili mchana, nikiwa nakuna nazi, akaniambia baba amefariki. Neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Kweli au kitabuni?" Nikajua nimeharibu, mtu ana msiba, mimi namletea mzaha. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kile cha puani cha mtu aliyelia tangu alfajiri, akasema, "Safari hii kweli, mdogo wangu. Alikunywa uji wake, akaomba redio, basi." Tukalia wote wawili kwenye simu, nazi yangu ikabaki kwenye mbuzi. Mzee Mbano, baba yake, alikuwa anakaribia miaka tisini, na hakuna aliyedhulumiwa hapo. Lakini alitakiwa afe mwaka 2011, kule Johannesburg, katika nyumba aliyopanga binti yake mtaa wa Observatory. Kama si ubishi wake wa mwaka ule, mimi leo nisingekuwa naandika chochote zaidi ya mahitaji ya sokoni. Kwa hiyo nausimulia mwaka ule peke yake. Habari za kwetu Iringa, nani alimzaa nani na nani alimsomesha nani, naziruka. Hazina msaada hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasomea shahada ya pili chuoni Braamfontein, na tasnifu yangu ilihusu uzee na kifo katika riwaya za Kiswahili. Msiniulize binti wa umri ule alitafuta nini kwenye kifo. Nilidhani mada nzito itanifanya nami nionekane mzito. Nilisoma riwaya moja baada ya nyingine nikitia alama nyekundu kila mzee alipokata roho, na nikaanza kuona kwamba wazee wa vitabuni wana kazi mbili tu, kutoa wosia na kufa, na mara nyingi huzimaliza zote kwenye ukurasa mmoja. Mhadhiri wangu, Mkenya mpole, akaniambia kuna mwandishi wa zamani kutoka Tanzania, mwalimu mstaafu, mikono inamtetemeka na anatafuta mtu wa kumpigia chapa riwaya yake ya mwisho. "Nenda ukamwone mzee mwenyewe," alisema, "halafu ndiyo uje uniandikie kuhusu wazee." Nikatoka Berea kwa miguu, nilikokuwa nikipanga chumba na Mama Odette, msusi Mkongo kutoka Bukavu, nikapita Yeoville, nikapanda kile kilima cha Observatory nikihema, baridi ya Juni ikinikata masikio.

Dada Skola alinifungulia geti akiwa bado na sare ya uuguzi, macho mekundu kwa zamu. Mzee alikuwa kwenye baraza iliyozungushiwa vioo, blanketi magotini, hita ya gesi miguuni, kikombe cha ile chai nyekundu ya huko ambayo yeye aliiita maji ya kutu. Nikampa shikamoo yake. "Marahaba. Mtu wa wapi?" Nikasema Iringa. "Iringa pana watu wengi. Nani wa Iringa?" Nikasema mimi Mhehe. Akaweka kikombe chini taratibu, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Skola! Kimbia kwa jirani, waambie wamfungie mbwa wao, Mhehe ameingia mtaani!" Moyo wangu ukatua palepale. Mngoni! Kwa asiyejua, Wangoni na Wahehe walipigana vita zamani hadi wakachoshana, na badala ya kinyongo wakaturithisha utani, wao wakitusema tunakula mbwa, sisi tukiwasema wanakula panya. Mimi na yeye, pamoja na tofauti yote ya umri, tuliruhusiwa kutukanana mchana kweupe, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. "Mbwa nimemwona, mzee, amekonda sana, hanifai," nikamjibu. "Ila panya sijawaona kabisa. Nasikia tangu Mngoni ahamie hapa, muuza sumu ya panya amefunga duka." Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Dada Skola akaja mbio na maji. "Huyu huyu," akasema akijifuta machozi. "Kaa. Washa hiyo kompyuta."

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye anatembea kutoka kwenye hita hadi dirishani akisema, mimi napiga chapa. Akifika dirishani husimama, hutazama paa za Yeoville, halafu husema "Futa!" Alilisema neno hilo kama mtu anayefukuza kuku kwenye mchele. Riwaya ilimhusu Mzee Damasi, karani mstaafu wa reli, mjane, mbishi, anayempenda mama muuza maandazi na hathubutu kusema. Nilimpenda Damasi tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa na hasira za kweli, njaa za kweli, alisahau miwani kwenye paji la uso akaitafuta nyumba nzima. Sura zilishuka vizuri mpaka ilipobaki moja, ya kifo chake, na hapo gari likakwama kwenye matope. Mzee Mbano alimlaza Damasi kitandani, akamzungushia wajukuu, akampa wosia. "Futa! Mimi nalala kitandani kila siku, wajukuu wanakuja kuuliza chaja iko wapi." Akamuua usingizini. "Futa! Huo wizi, msomaji amelipia kifo hajakiona." Akamwangusha relini. "Futa! Hiyo michezo ya redio." Wiki zikapita, Damasi anakufa Jumatatu, anafufuka Jumanne.

Siku moja alikaa chini akanitazama kwa muda, bila utani. "Unajua, Yusta, nilipokuwa kijana niliua wazee kama kuku wa Krismasi. Kila riwaya niliua mmoja. Niliandika wamekaa kibarazani wanangoja kifo, wamekubali, wametulia. Nilikuwa na umri wako, nilijua nini? Sasa nimefika mimi. Mzee hangoji kifo, mwanangu. Mzee anangoja chai, na chai inachelewa." Halafu sauti ikashuka: "Naogopa. Nikimuua Damasi vibaya, nitakuwa nimejionyesha mwenyewe njia mbaya." Niliinama kwenye kompyuta nikajifanya nasahihisha nafasi kati ya maneno. Nimefundisha fasihi miaka mingi tangu hapo, na wanafunzi huniuliza hadithi ina faida gani mbele ya kaburi, maana kaburi halisomi. Huwa nawajibu kwa maneno ya kitaalamu, kisha namkumbuka yule mzee na blanketi lake, najua wanauliza swali zuri kuliko jibu langu.

Nyuma ya mambo yote haya kulikuwa na jambo lililokuwa likiwaka moto. Mzee alikuwa na valvu mbovu ya moyo. Hospitali ilikwisha kumpangia upasuaji, na yeye alikwisha kuahirisha mara mbili, kwa sababu moja tu: haingii chumba cha upasuaji mpaka riwaya iishe. "Nikifia mezani kwao, Damasi atabaki njia panda," alisema. Tulikuwa tunakula mchana, ugali mweupe wa huko na morogo, yale majani ya kienyeji ambayo Dada Skola aliyapika kwa karanga kama matembele ya Songea. Dada Skola akaweka tonge chini. "Baba, mimi ndiye ninayewaona wanaokufa. Hakuna anayetoa hotuba. Juzi bibi mmoja aliniuliza kama nimefunga dirisha. Nikamwambia ndiyo. Basi." Mzee akanigeukia, macho yakimmetameta: "Yusta, andika hiyo!" "Usiandike!" Dada Skola akapiga meza, bakuli la mboga likaruka. "Yule ni mgonjwa wangu, si mhusika wako. Kila kitu kwako ni kitabu. Hata moyo wako ni kitabu!" Akaondoka mezani. Mzee akabaki anazungusha tonge kwenye mchuzi, hali, kama mtoto aliyekaripiwa mbele ya wageni.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha sufuria safi. "Yusta, nikuambie kama mtu mzima mwenzangu," alisema bila kugeuka. "Miguu yake imevimba. Usiku analala amekaa. Wamempa nafasi nyingine, na nikiipoteza hii sijui kama kutakuwa na ya nne. Moyo haungoji sura ya mwisho. Nimeomba rozari, nimemwita padre, nimelia. Imebaki njia moja. Huyo Damasi wenu lazima afe. Muueni, tafadhali, ili baba yangu apone." Nikamwambia mimi ni mpiga chapa tu, dada. Akageuka, mikono inachuruzika povu. "Basi mpigie chapa afe!" Tulitazamana, tukaona tulichokisema, na kama si mzee kuwa pale barazani tungecheka. Hatukucheka. Nilitelemka kilima siku ile, nikavuka robot, yaani taa za barabarani za huko, zikiwa nyekundu, dereva akanitukana kwa lugha mbili.

Mama Odette alikuwa anamsuka mteja, mdomo umejaa rasta. Kila jioni aliniuliza habari za riwaya kama watu wanavyouliza habari za mgonjwa. "Ule muzee wa mu kitabu, ajakufa tu?" Nikasema bado. "Aah, uyo iko na roho nguvu." Nikajitupa kitandani nikamweleza yote, valvu, sufuria, mbwa na panya. Hapo kwenye mbwa na panya ndipo alipokwama. "Weye unamutukana mutu muzima, na anakupatia chakula?" Nikamweleza utani ni nini, na kwamba kazi yake kubwa ni msibani. Nikamsimulia alivyozikwa bibi yangu mzaa mama: watu wamejiinamia, jeneza liko tayari, akatokea mama mmoja wa Kingoni amevaa kanga za marehemu, anatembea kama marehemu, anagombeza wafiwa kwa sauti ya marehemu, anawaanikia waziwazi jinsi marehemu alivyokuwa akificha sukari. Watu walicheka na machozi hayajakauka. Akaingia kaburini akakataa kutoka. Hakuna aliyemkasirikia, maana mtani hakasirikiwi. Na bila yeye, mama yangu aliniambia, tusingeweza kurudi nyumbani kwa miguu yetu. Mama Odette akatoa rasta mdomoni. "Sasa uyu muzee wako, mutani wake hapa Joburg ni nani?" Nikainuka kitandani. "Ni mimi." "Basi unangojea nini?" Mteja naye, kichwa nusu kimesukwa, akageuka kunitazama: "Eeh, unangojea nini?"

Niliandika Jumapili nzima, wao wakisuka, wakinitaka nisome kila kipande. Sikuandika kifo cha Damasi; hicho nilikiruka, mtu hajui asichokijua. Niliandika mazishi. Jumatatu nilipanda kilima, nikamkuta mzee dirishani, nikamwambia leo husemi wewe, leo nasoma mimi. Akakunja uso. "Nani amekuruhusu kugusa kitabu changu?" "Mtani haombi ruhusa, mzee. Na ukikasirika, wewe ndiye umevunja utani." Ameshikwa! Mila yake mwenyewe imemfunga kamba. Akakaa, akavuta blanketi, akasema kwa uchungu, "Soma, mla mbwa." Dada Skola akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Katika sura yangu, jeneza la Damasi limekwisha kugongomelewa misumari ndipo mtani wake wa Kihehe anafika, mwanamke, amechelewa, amevaa kofia ya reli ya marehemu. Anazuia njia ya makaburini: treni hii haiondoki, karani hajapiga filimbi. Anaitafuta miwani ya marehemu, nayo iko kwenye paji la uso wake. Anatembea hatua sita, anasimama, anatazama mbali, anapayuka, "Futa! Jeneza gani hili? Futa!" Nikasimama nikaigiza, na mzee akaanza kutikisika kwa kicheko, mkono kifuani. Kisha mtani anawafunulia waombolezaji siri za marehemu, kama ilivyo haki yake: kwamba alimpenda muuza maandazi, na kwamba vidonge alivyopewa na bintiye kila asubuhi alivizika kwenye chungu cha maua. Hapo Dada Skola akasema, "Ngoja." Akavuka baraza, akaingiza mwiko kwenye chungu cha maua kilichokuwa nyuma ya kiti cha baba yake, akachimba. Vikatoka, vyeupe na vya pinki. "Msaliti!" mzee akanifokea, maana ni mimi tu niliyewahi kumwona akivizika. Dada Skola alitazama vile vidonge, akalitazama ua, ambalo kweli lilikuwa limenawiri kuliko yote nyumbani, midomo ikaanza kumcheza. "Kumbe mwenye moyo mzima ni ua!" akasema, akaketi sakafuni akacheka, mwiko mapajani, akacheka mpaka kikawa kilio, na baba yake akaushika mkono wake akawa anaupigapiga.

"Imebaki kidogo," nikasema. Nikasoma mwisho. Mtani anaingia kaburini, analala, anasema pananitosha, yeye mtafutieni pengine. Watu wanacheka, wanambembeleza atoke. Anatafuta neno lingine la kuwachekesha, halipo. Wanamsubiri. Kumbe huko chini ananung'unika, analia, miguu haina nguvu, na waombolezaji, ambao muda wote yeye ndiye aliyekuwa akiwabeba, wanainama na kunyoosha mikono, kila mmoja, hata muuza maandazi, wanamvuta juu. Ndipo Damasi anashushwa. Nikafunga kompyuta. Mzee alitazama nje, nikangoja lile neno lake. Akasema, "Pale mstari wa tatu umeandika 'marehemu'. Weka 'mzembe'. Mtani hamwiti mtu marehemu." Nikaweka. "Nimejaribu miezi yote kujizika mwenyewe," akasema, "ujinga mtupu. Nani amewahi kujizika? Ile ni kazi ya wengine." Akamgeukia binti yake, bado sakafuni. "Skola, piga simu hospitali. Waambie nimeshazikwa, sasa wanaweza kunipasua."

Walimpasua wiki iliyofuata. Sitadanganya kwamba hatukuogopa kwa sababu ya sura moja ya riwaya. Dada Skola, anayejua kila kinachoweza kuharibika, alikaa kwenye benchi la korido na meno yanamgongana, na mimi nilikuwa nimeshasahau sala zote ninazozijua. Mchana ukaisha. Alipotoka daktari na kusema valvu imekaa, mzee anapumua mwenyewe, tulikumbatiana vibaya, kofia ya mtu ikaanguka. Kesho yake nikaenda kumwona. Mlango wa wodi ulikuwa na sista mmoja mwenyeji, mama mkubwa wa umbo, saa imening'inia kifuani, naye akanizuia: ndugu wa karibu tu. "Wewe ni nani wake?" Nikafikiri. Binti si mimi, mjukuu si mimi, na nikisema mjukuu mzee atanikana kwa furaha. Rafiki? Marafiki wangoje saa kumi. Nilitafuta neno la mtani kwa Kiingereza, nikalitafuta kwa Kizulu changu cha kununulia mkate, nikakosa. Nikabaki namwambia mimi ni, mimi ni, kama kanda iliyokwama.

Dada Skola akatokea ndani, amechoka, amevaa tabasamu la kwanza nililoliona kwake tangu majira ya baridi yaanze. "Mruhusu, sista," alisema. "Huyu ndiye atakayemzika."

Sista akarudi nyuma hatua moja, mkono kwenye ile saa. "Kumzika? Mzee mzima kabisa! Nimetoka kumpa maji sasa hivi, ameniuliza chai iko wapi."

"Najua," Dada Skola akasema. "Ndiyo maana nataka aingie leo. Siku hiyo baba hatamsikia."

Sista alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake. "Eish," akasema, akanishikia mlango.